Mafiga Matatu Nje ya Jiko

Anansia hakulia kwenye simu. Alinisalimia, akauliza hali ya mke wangu na hali ya goti langu, akaniambia mvua zimeanza Arusha, halafu akasema, "Kaka Elisante, mama ametutoka jana jioni. Tunazika Jumamosi. Njoo na visu vyako." Nilimuuliza visu vya nini, maana siku hizi misiba ya mjini inahudumiwa na watu wa kukodi, wanaokuja na masufuria yao, majiko yao ya gesi na sare zao. "Wewe njoo navyo tu," akasema, akakata simu. Nilibaki pale mezani, Dodoma, na chai ikapoa mbele yangu. Nimepika kwenye mahoteli zaidi ya miaka thelathini, nimestaafu, na visu vyangu vimekaa juu ya kabati vimeviringishwa kwenye turubai kuukuu. Nilivishusha, nikavinoa mchana kutwa. Butu havikuwa, ni kwamba sikuwa na kazi nyingine ya kuipa mikono yangu. Nililia huku nanoa, na sioni haya kusema.

Watu wakiniuliza nilijifunzia wapi upishi huwa nataja chuo, kwa kuwa ndicho kilichoandikwa kwenye cheti. Lakini chuo chetu cha hoteli pale Arusha, Mungu anisamehe, kilikuwa na majiko mawili ya gesi, mtungi mmoja, na wanafunzi thelathini na wanne tuliovaa makoti meupe na kofia ndefu utadhani kuna kazi inatungoja. Mwalimu wetu wa upishi, mama mpole mwenye mwandiko mzuri, aliandika ubaoni "chukua mayai sita", akanyanyua yai moja tulione wote, kisha akalirudisha kabatini na kufunga kwa kufuli. Supu ya uyoga niliinakili kurasa mbili nzima, na mpaka mwaka wa kwanza unakwisha sikuwa nimeuona uyoga wenyewe. Hatukulalamika. Waliotutangulia walisoma hivyohivyo, wakimaliza wanapangiwa kazi kwenye hoteli za serikali, na huko ndiko walikokwenda kujifunza kupika. Mwaka wa pili ulipoanza, mkuu wa chuo alituita ukumbini. Zilikuwa enzi za ruksa. Madukani kulikuwa na sabuni za kila rangi, sokoni mitumba imemwagwa mpaka njiani, na barabara ya Moshi ilipitisha magari mapya ya watalii ambayo hatukuyajua hata majina. Alivua miwani, akatuambia hoteli za serikali zinauzwa na hakuna kupangiwa kazi tena. "Kila mmoja atajitafutia," alisema. "Mwenye kujua kupika atapika." Tulitazamana. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na nilikuwa sijui kupika.

Mwaka huo ndipo nilipopanga chumba kwa Mama Anansia, Kimandolu, wakati Kimandolu ilikuwa bado na migomba mingi kuliko kuta. Alikuwa mjane wa Kimeru, kwao ni juu kule, ukipita Maji ya Chai na kupanda. Mfupi, mkavu, sauti yake ya kwaya ya kanisani aliitumia hata kumwita kuku. Chumba changu kilikuwa cha mwisho uwani. Kilikuwa na kitanda cha kamba, meza, kalenda ya usharika ya mwaka uliopita, na dirisha dogo lililotazamana na kibanda cha mbao kilichotoa moshi kuanzia alfajiri. Siku ya kwanza alinitembeza, mikono nyuma. "Maji unachota pale. Choo ni kile. Saa moja jioni njoo sebuleni, utakula na sisi. Na lile," akakinyooshea kidevu kile kibanda, "ni jiko langu. Mwanaume haingii. Mume wangu hakuingia mpaka anakufa, na mchungaji hajaingia. Ukitaka kitu, simama mlangoni uite." Nikasema ndiyo, mama. Wala halikuwa jambo geni, kwetu pia ndivyo ilivyokuwa. Mwanaume wa huku atachinja, atachuna, atachoma nyama nje na kuisifia, lakini mafiga na kinachochemka juu yake ni vya mama wa nyumba. Kwa hiyo aliponiuliza nasomea nini, nilijibu, "Nipo chuo, mama, mwaka wa mwisho," nikainama kufunga kamba za kiatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Kosa lililofuata lilikuwa la kwake, na la kuliacha likue lilikuwa la kwangu. Nilifua koti langu jeupe, nikalianika kwenye kamba. Ile kofia ndefu niliificha ndani ya sanduku. Mama Anansia aliliangalia koti lile kwa muda, akaligeuza, akaangalia vifungo vyake safu mbili, na jioni yake sebuleni, kwenye viti vyake vyenye vitambaa vya kufuma, kipande cha nyama kwenye sahani yangu kilikuwa kikubwa kuliko cha jana. "Kula, daktari," alisema. Nilikuwa na mdomo umejaa makande. Nilipomaliza kutafuna, muda wa kukanusha ulikuwa umepita, na nyama ilikuwa tamu. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, wakati wanapiga mnada mikungu ya ndizi na kuku wa sadaka, alinishika mkono akanipeleka kwa akina mama wenzake. "Huyu ndiye mpangaji wangu. Anasomea udaktari." Walinitazama kwa upendo, na mmoja akaanza palepale kunieleza mgongo wake.

Mambo yote yaliyofuata yalimpa ushahidi. Chuoni karoti zilikuwa adimu, kwa hiyo mazoezi ya kukata tuliyafanya kwa shina la mgomba. Ndani ni jeupe, laini, linakatika vizuri. Kila jioni nilichukua shina lililoangushwa shambani kwake, nikalikata vipande vidogo vyenye pembe nne, vyote sawasawa, kisha nikavimwaga kwenye hori la ng'ombe wake. Yule ng'ombe nadhani ndiye pekee mlimani Meru aliyekuwa akilishwa chakula cha vipimo. Nikijikata, nilifunga kidole kitambaa. Nilimsikia Mama Anansia akimwambia jirani kwenye ua, "Maskini, wanajifunza kushona watu. Angalia vidole vyake." Nilikuwa ndani, natazama kalenda ya mwaka uliopita, na nilicheka mpaka nikauma shuka. Leo nikikumbuka sicheki sana. Yule mama alikuwa anajivunia mtu ambaye hayupo, na mimi niliyekuwepo nilikuwa nakula nyama yake.

Mwezi wa tano wa kukaa kwake, mambo mawili yalikuja wiki moja. Anansia, binti yake, ambaye alikuwa ameolewa Maji ya Chai, alikuja nyumbani kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza, akapata mtoto wa kike. Na chuoni tulitangaziwa kwamba hoteli ndogo mpya iliyokuwa inajengwa chini ya mlima inataka mpishi mmoja kutoka darasa letu. Mmoja. Mpishi mkuu wao, Mzee Hamza, mtu wa Tanga, angekuja mwenyewe kutupima baada ya wiki mbili. Kila mtu apike supu ya kwao, alisema mkuu wa chuo, maana wageni wanataka kuonja chakula cha hapa, na supu za vitabuni wanazo kwao. Sikuwa na baba wa kunitafutia kazi wala mjomba ofisini. Nafasi ile ilikuwa yote niliyoiona mbele yangu. Nikiikosa, narudi nyumbani na cheti na koti jeupe. Niliandika jina langu, na pembeni nikaandika: mtori. Niliandika kwa haraka ya mtu anayependa kula. Kuhusu kuupika, sikuwahi hata kuuona ukipikwa, kwa sababu unapikwa mahali ambapo mimi nasimama mlangoni.

Na hapo ndipo utamu wa ile nyumba ulipoanza kuwa mateso. Mtori ni chakula cha mzazi. Mara tatu kwa siku Mama Anansia alimpikia binti yake, na harufu yake, ya ndizi mshare na nyama ya mfupa na maziwa, ilipita dirishani kwangu ikakaa kitandani. Nilianza kusoma kwa masikio. Nilikaa chini ya dirisha na daftari, nikaandika nilichosikia: kisu kikimenya, ndizi zikitumbukia kwenye maji, moto ukichochewa, kimya kirefu, kifuniko, halafu ule mlio wa upekecho ukizungushwa kati ya viganja, kwanza mzito, kisha mwepesi. "Ngoja kwanza, usiimalize," nilimsikia akimwambia jirani aliyekuja kusaidia, na mimi nikaandika: ngoja kwanza. Kwa daftari hilo nilikwenda kujaribu kwenye stovu ya mafuta ya taa ya mwenzangu wa darasa. Ulikuwa mzito, nikaongeza maji kutoka kwenye ndoo, ukashikana mabonge, ukawa na rangi ya sementi. Mwenzangu alionja, akaniwekea mkono begani. "Bwana Elisante," alisema, "hata mzazi mwenyewe atatoroka."

Jumamosi mchana Mama Anansia alikuja chumbani kwangu bila kubisha. Hakuwahi kufanya hivyo. Kanga ilikuwa imemdondoka begani. "Baba, twende. Mtoto anapumua vibaya." Nilimfuata mbio mpaka mlango wa chumba cha mzazi, ambako mwanaume yeyote wa nje asingekanyaga, na yeye akausukuma wazi, akanionyesha kitanda, Anansia amekaa na nywele wazi, mtoto kifuani akikoroma puani. Alikuwa amenifungulia kwa sababu ya lile koti. Nilisimama kizingitini.

"Mama, mimi siyo daktari."

"Najua hujamaliza. Mwangalie tu."

"Hata nikimaliza, mama. Nasomea upishi."

Alinitazama. "Upishi wa nini?"

"Wa chakula."

 Kisha Anansia, mzazi wa siku nane, akaanza kucheka, akajishika tumbo, "Mama, jamani, naumia, anakatia ng'ombe saladi," akacheka huku machozi yanamtoka na mtoto anaruka kifuani. Mama yake hakucheka. Alivuta kanga juu, akamchukua mtoto, akanipita. Tulikwenda zahanati sote, mimi nyuma nimeshika mwavuli juu yao. Nesi alimsafisha mtoto pua kwa maji ya chumvi, akatuambia hana tatizo, ni moshi tu, msimkalishe karibu na jiko. 

Siku tatu hakunisemesha. Chakula changu nilikikuta mezani kimefunikwa, yeye hayupo, na kipande cha nyama kilikuwa cha kawaida. Ningeweza kuhama, na nilifikiria kuhama. Lakini siku ya tatu, nikiwa chini ya dirisha langu, niliwasikia jikoni. "Mwanaume mzima," Mama Anansia alikuwa anasema, "ametoka kwao, kasafiri, kaja kusomea kuchochea moto." "Mama, ni kazi hiyo. Hao wazungu wanaopanda mlimani watakula nini?" "Wana wake zao." Anansia akacheka. Kisha mama yake akasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mimi nimewaambia watu kanisani, Anansia. Nimemwonyesha kwa kila mtu. Kwa nini hakuniambia?" Nilifunga daftari. Nimetukanwa na mameneja wa kila aina katika maisha yangu, na hakuna neno lililoniingia kama lile swali.

Nilikwenda kusimama mlangoni pa jiko, palepale nilipoagizwa siku ya kwanza, nikaita. Alitoka anafuta mikono. "Shikamoo, mama. Naomba unisamehe. Sikusema uongo, lakini niliuacha ukae."

"Marahaba," alisema. "Umekaa miezi mitano. Umekula kwangu, na huo uongo wako umekula nao."

 Nikamweleza yote: hoteli za serikali, kupangiwa kazi kulivyokwisha, Mzee Hamza, nafasi moja, siku tisa zilizobaki, na kwamba nimeandika mtori na sijui kuupika. Alinisikiliza akiwa ameangalia pembeni, kwenye migomba. Neno moja tu ndilo lililomgeuza.

"Miaka miwili chuoni hawajawafundisha mtori?"

"Hapana, mama."

"Wamewafundisha nini?"

"Supu ya uyoga."

"Uyoga!" Alishika kiuno. Nadhani hasira yote aliyokuwa nayo juu yangu ilihama wakati ule, ikaenda kukaa chuoni kwetu. Lakini alirudi ndani, na mimi nikarudi chumbani kwangu nikiwa sijui nimesamehewa au la.

Kesho yake asubuhi, alipomaliza kukamua, nilisikia kitu kizito kikiburutwa. Nilitoka. Mama Anansia alikuwa anatoka jikoni kinyumenyume, ameinama, anavuta jiwe jeusi kwa gunia. Mawili yalikuwa yameshatoka. Mafiga yale aliwekewa na mama mkwe wake wiki aliyoolewa. Mkwe huyo aliyatoa mtoni mwenyewe, na tangu siku ile, Anansia aliniambia baadaye, hayakuwahi kusogezwa hata kwa kufagia. Nilikimbia kumsaidia. "Usiguse," alisema. "Haya ni yangu mpaka nitakapoyaweka chini." Aliyapanga mwenyewe kati ya jiko na migomba, akayatikisa kuona kama yametulia, akaegemeza bati juu kwa ajili ya mvua, kisha akajinyoosha mgongo. "Sasa gusa. Nilisema mwanaume haingii jikoni kwangu. Sikusema jiko haliwezi kutoka."

Siku tisa nyumba ile ilikula kutoka uwani. Mama Anansia alikaa kwenye kigoda upande wa pili wa moto, na hakushika mwiko hata mara moja. Alinifundisha kwa mdomo na kwa kidevu. Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya. Nyama ya mfupa kwanza, iive mpaka iachie yenyewe. Ndizi usizikoroge zikiwa hazijaiva, utazitia hasira. Upekecho usiende mbio. Siku ya pili nilichota maji ndooni ili nilainishe, na aliruka kwenye kigoda chake. "Maji ya baridi kwenye ndizi ya moto? Umeiua!" Hapo ndipo nilipojua kilichonipata kwenye ile stovu. Sufuria ya maji ya moto ikae pembeni siku zote, alisema, kwa sababu mtori hausubiri uende ukachemshe. Aliyeonja alikuwa Anansia. Nilimpelekea bakuli mpaka mlangoni, na hukumu ilirudi kwa sauti kutoka chumbani. Siku ya kwanza: "Chumvi!" Siku ya nne: "Huu unaweza kumpa mgonjwa asiyekupenda." Siku ya saba hakusema kitu, akarudisha bakuli tupu.

Njia ya kwenda kisimani ilipita pembeni mwa ua, na watu walituona. Hilo nililiogopa kwa ajili yake kuliko kwa ajili yangu. Siku ya tano alipita yule mama wa mgongo, na mwenzake mmoja wa kwaya, wakasimama kabisa. Mimi nilikuwa nimechuchumaa, upekecho mikononi, koti jeupe limejaa majivu. "Jamani," alisema yule mama, "dokta anapika?" Niliinamisha uso. Mama Anansia hakuinuka kwenye kigoda chake. "Huyu siyo dokta," alisema kwa sauti yake ile ya kwaya, iliyofika mpaka nyumba ya tatu. "Nilikosea. Ni mpishi. Madokta mnao wengi. Karibuni muonje." Wakakaribia, wakaonja. Sijui ilimgharimu nini kusema vile mbele ya watu aliokuwa ameshawaambia. Nilitaka kumshukuru, lakini niliendelea kupekecha.

Siku ya Mzee Hamza tulikuwa kumi na wanne tulioandika majina, na majiko mawili, kwa hiyo tulipika kwa zamu kuanzia asubuhi. Alikuwa mzee mnene, mpole, kofia ya kiua kichwani na kijiko chake mwenyewe mfukoni. Wenzangu walipika vizuri. Wapo waliokuwa na mikono mizuri kuliko yangu na sitawasingizia. Zamu yangu ilipofika, kitu cha kwanza nilichobandika ni maji. Alionja mtori wangu, akageuza kijiko, akauangalia unavyodondoka, akaonja tena. "Maji uliyoongeza yalikuwa ya moto?" "Ndiyo, mzee." "Nani kakwambia?" Ningeweza kusema mwalimu, na mwalimu alikuwa amesimama pale. "Mama mwenye nyumba yangu." Alifuta kijiko chake, akakirudisha mfukoni. "Basi kamwambie mama yako huyo," alisema, "mwanawe amepata kazi."

Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nikamwambia. Hakupiga vigelegele wala hakunikumbatia. Alisema "Mungu mwema," akaendelea na gunzi alilokuwa nalo mpaka likaisha. Kisha akaniomba lile koti. Alilifua mwenyewe mara mbili, na hakulianika uwani. Alilitundika mbele ya nyumba, upande wa barabarani, na lilikaa hapo mpaka Jumapili ingawa lilikauka Ijumaa. Nilipohama, mafiga yalikuwa bado nje, na yeye alikuwa ameshaokota mawe mengine matatu mtoni kwa ajili ya ndani. Nilidhani ameona uzito wa kuyarudisha. Nilikuwa kijana, na nilikuwa na kazi, na sikuwaza zaidi ya hapo.

Nilimtembelea mara nyingi kwa miaka ile yote. Nilimpelekea vitenge, blanketi, miwani. Nilikaa sebuleni kwenye vitambaa vya kufuma, mgeni kabisa, nikaletewa chakula. Na kila mara, akishanisalimia, aliniuliza, "Leo hutapika?" Na kila mara nilicheka, nikamjibu, "Nimechoka kupika, mama. Kwako nakuja kula." Alicheka na yeye. Nilidhani tunataniana.

Jumamosi ile niliingia Kimandolu na visu kwapani. Sasa ni kuta na mageti, na nyumba ya Mama Anansia nayo ina ukuta. Chini ya turubai kulikuwa na viti vya plastiki, na watu wa kukodi walishafika na majiko yao ya gesi. Anansia, mvi zimemjaa, alinishika mkono akanizungusha nyuma. Jiko la mbao halipo, mahali pake pamejengwa stoo ya matofali. Na kando ya stoo, mbele ya migomba minne iliyobaki, chini ya bati, yalikuwepo mafiga matatu, meusi, yametulia kama alivyoyatikisa. "Tulipojenga ukuta, fundi alitaka kuyatoa," Anansia alisema. "Mama akaja akakaa juu ya moja, na hakuinuka mpaka fundi akahamisha kamba yake ya kupimia ukuta. Tukamuuliza, mama, ya nini haya? Akasema, ni ya mwanangu mpishi. Akija siku moja kunipikia, atapikia wapi?"

Nilikaa kwenye lile figa, nikashindwa kuinuka. Miaka thelathini aliniuliza. Nimepikia watu ambao siwajui majina, wametumia dakika kumi kula na wakaondoka, na mtori mmoja wa yule mama sikumpikia. Anansia alikaa kwenye figa la pili. Hakuniambia "si kitu", na nilimshukuru kwa hilo. Kisha akasema, "Watu wanakula saa nane. Una muda."

Nikavua koti la suti, nikakunja mikono ya shati, nikawasha moto. Kuni zilikuwa na unyevu, ukanisumbua. Upendo, yule mtoto wa pua, sasa ni mwanamke mzima anayefanya kazi ofisi moja Njiro, alitoka ndani na beseni la ndizi mshare, akaniamkia, akapiga magoti kando yangu na gauni lake jeusi. Alisema hajui kuupika, bibi alikuwa akimpikia, lakini anaweza kusaidia. Akaangalia sufuria, akanyanyuka.

"Mjomba, nilete maji ya moto au ya baridi?"

"Ya moto, mwanangu," nilimwambia.